Mayai ya Jirani Yangu

Nilipunguzwa kazi wakati maduka ya Newala yalipoanza kujaa. Miaka mingi kabla ya hapo tulikuwa na mishahara na hakuna cha kununua. Sasa sukari, sabuni, unga wa ngano na mafuta ya kula vilipangwa mpaka darini, na mimi ndiyo kwanza sina mshahara. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Walituita tukiwa tisa, wakatusomea barua, wakatushukuru kwa utumishi wetu. Nilirudi nyumbani na kikombe changu cha chai pamoja na sweta niliyokuwa naiacha kwenye kiti kwa ajili ya ukungu wa asubuhi.

Mume wangu alikuwa ameshafariki. Mwanangu mmoja alikuwa sekondari Masasi, na bado alihitaji miaka mitatu kumaliza. Kodi ya chumba pale mjini sikuiweza tena, nikahamia kijijini kwenye nyumba aliyoiacha marehemu, kando ya barabara inayotoka Newala kuteremkia Masasi. Shule ya msingi ilikuwa karibu sana, mtoto akilia darasani nyumbani unamsikia. Nikatazama ile shule wiki nzima, halafu nikanunua karai, mafuta na hamira, nikaanza kukaanga maandazi.

Watu wasiojua Uwanda wa Makonde hudhani maandazi yanashinda uji kwa sababu ni matamu. Utamu ulikuwepo, lakini kilichouza maandazi yangu ni maji. Bomba la kijiji lilitoa maji siku lilipotaka, na wiki nyingine halikutaka kabisa. Wanawake walishuka bondeni kwenye kisima kabla jua halijachomoza, wakapanda tena na ndoo kichwani, na hata aliyewahi alifika nyumbani watoto wameshakwenda shule. Uji unataka maji, unataka kuni, na unataka mtu wa kukaa jikoni kuukoroga. Halafu sufuria inataka kuoshwa. Andazi halitaki chochote. Mtoto analipokea mlangoni kwangu, analila akitembea.

Mwanzoni nilifanya biashara msimu wa korosho tu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao, watu wakapata fedha taslimu mikononi, na kila mtoto akaja na sarafu. Msimu ulipokwisha, sarafu zikaisha. Nikabaki na beseni limejaa, maandazi yanakauka, nami nayala mwenyewe mchana na jioni.

Hapo ndipo jirani yangu alipokuja.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi hivi. Mumewe alikuwa analima mpunga kwenye bonde la Ruvuma, na miezi mingi ya mwaka hakuwepo. Yeye alibaki na watoto watatu na mimba ya wa nne. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga hodi, akasalimia, "Shikamoo, dada," nikaitikia, akakaa kwenye mkeka na kukunjua ncha ya kanga. Ndani mlikuwa na mayai matatu.

"Dada, sina hela," alisema. "Unaweza kuchukua haya?"

"Nikuchukulie mayai, nikupe maandazi?"

"Watoto wamezoea. Asubuhi wananililia, na mimi niko kisimani."

Niliyachukua. Siwezi kusema nilifikiri sana. Niliona mayai matatu, nikaona beseni la maandazi yanayokauka, nikaona suluhisho. Siku ya tatu walikuja wanawake wengine wawili, na kabla mwezi haujaisha karibu kila nyumba upande wetu wa barabara ilikuwa inaniletea mayai. Nikaacha kuitwa kwa jina la mwanangu, nikaitwa Mama Maandazi.

Mayai nayo yalipata njia. Masasi stendi kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anachemsha mayai na kuwauzia abiria wa mabasi, na chumvi na kachumbari kwenye kipande cha gazeti. Alinunua kila nilichompelekea. Kila Jumamosi nilipanga mayai katika boksi lililojaa pumba za mahindi, nikapanda lori, nikateremka nalo mpaka Masasi. Alikuwa na tabia ya kunirudishia mayai viza, hivyo nikaanza kuyawekea alama za mkaa ili nijue yametoka nyumba ipi. Nyumba nyingine niliiwekea nukta, nyingine duara. Ya jirani yangu ilikuwa mistari miwili iliyokatana, naye aliijua.

Wazee wa kijiji walikuwa wanasema mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, na mjamzito akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba hayo si kweli, na kabla sijaanza biashara niliwahi kubishana na mama mkwe wangu juu ya jambo hilohilo mpaka akaninunia. Lakini siku moja mwanamke mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Eti Mama Maandazi, wewe uliyekaa ofisini, ni kweli mayai yanaharibu watoto?" Nilikuwa natoa maandazi kwenye mafuta. Nikacheka, nikasema, "Wazee ndio wanaojua." Wakacheka wote. Nikaendelea kuyaepua.

Mbaazi nazo ziliondoka mwaka ule. Wanunuzi walikuja na mizani, wakasema zinatakiwa ng'ambo ya bahari, na wanawake waliokuwa wakizihifadhi kwenye vihenge kwa ajili ya kiangazi wakazitoa. Jirani yangu alitoa zote. Alinunua madaftari, akamlipia mkubwa wake sare ya shule, akanunua na sukari. Nyumbani kwake wakabaki na ugali wa muhogo na kisamvu, na asubuhi chai ya rangi na maandazi yangu.

Alikuwa na binti wa tatu kuzaliwa, wa umri wa miaka mitatu hivi, aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya ile mimba. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu mwaminifu. Alikuja mwenyewe kila asubuhi, ameshika yai kwa mikono miwili kama amebeba maji. "Shikamoo, mama mkubwa." Ninampokea yai, ninampa maandazi mawili, anakaa kwenye kizingiti changu kuyala. Nilimpenda. Siku nyingine nilimwongezea moja la bure.

Kiangazi kilipokaza niliona anaanza kunenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa mizito. Nikamwambia mama yake, mbele ya watu tena, "Mwanao kapendeza! Maandazi yangu yamemkubali." Mama yake alitabasamu. Nakumbuka alivyomtazama mtoto, akamsogeza karibu, akafurahi kwa sababu mimi, mtu wa ofisini, nimemsifu.

Yule mtoto hakuwa ananenepa. Alikuwa anavimba. Nywele zake zilianza kuwa nyepesi na nyekundu, ngozi ya miguu ikawa inabanduka, na akaacha kucheza. Alikaa pale kwenye kizingiti akiwa amenuna, andazi mkononi, halili. Mama yake alikuwa ameshajifungua, na kitoto kichanga kilikuwa mgongoni. Wazee wakasema binti ana wivu na mdogo wake, ataacha. Siku aliposhindwa kusimama, jirani yangu akaja kwangu analia. Mumewe yuko bondeni Ruvuma, hana wa kwenda naye. Nikasema nitampeleka mimi, twende Ndanda, kwenye hospitali ya misheni.

Ilikuwa Jumamosi. Boksi langu la mayai lilikuwa limeshafungwa kwa kamba.

Nililichukua. Nilijiambia nitalishusha Masasi njiani, halitapoteza muda. Tukapanda lori, jirani yangu na kichanga mgongoni, mimi nimempakata binti, na boksi liko kati ya miguu yangu. Njia nzima lilikuwa linagonga goti langu, na kila lori lilipoingia shimoni nilinyoosha mkono kulishika. Nilikuwa na mkono mmoja kwa mtoto na mmoja kwa mayai. Tulipofika Masasi basi la kwenda Ndanda lilikuwa limeshawashwa, kondakta anapiga bodi, hapakuwa na nafasi ya kumtafuta mteja wangu. Tukaingia na boksi.

Kwenye wodi ya watoto alitupokea muuguzi mmoja wa makamo, sauti yake ya chini. Alimbonyeza mtoto mguuni kwa kidole. Kidole kilipoondoka kishimo kilibaki. Akambonyeza mguu wa pili, kishimo kingine. Akavuta kiti, akakaa, akamuuliza jirani yangu polepole.

"Nyumbani mnakula nini, mama?"

"Ugali wa muhogo, sista."

"Na mboga?"

"Kisamvu. Na mbaazi, zikiwepo."

"Zipo sasa?"

"Tumeuza."

"Asubuhi huyu anakula nini?"

"Andazi na chai," alisema jirani yangu, na sauti yake ikapanda kidogo. "Kila siku, sista. Hakosi hata siku moja."

Muuguzi aliandika. "Kuku mnafuga?"

"Tunafuga."

"Wanataga?"

"Wanataga sana."

"Sasa mayai yanakwenda wapi?"

Jirani yangu alinitazama. Haikuwa hata muda wa kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, boksi nimeliweka chini ukutani, kanga yangu nimeitupia juu yake. Alinitazama, akarudisha macho kwa mtoto, akasema, "Tunauza, sista."

Angeweza kusema, tunampa huyu hapa. Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Na mimi ningeweza kusema, ni mimi ninayeyachukua, huyu hana kosa. Nilikuwa mwanamke niliyeandika barua za wakubwa kwa miaka kumi na moja, na pale sikupata sentensi moja.

Muuguzi hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimshika mkono, akasema, "Mama, dawa ya mtoto wako unayo nyumbani, inataga kila siku. Usiiuze." Jirani yangu akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Akaambiwa kwamba siku za mwanzo mtoto atapewa maziwa kidogo kidogo, na akianza kutamani chakula ataongezewa yai, kwa hiyo ndugu wakipata mayai walete.

"Nitayatafuta," nilisema. Hilo ndilo neno langu la kwanza mle ndani.

Nikalibeba boksi nikatoka nalo. Nilivuka geti mpaka barabara kuu, walipo wachuuzi, nikasimama kati ya mafungu ya nyanya na ndizi. Nilikaa pale kiasi cha mtu anayenunua kitu. Halafu nikalifungua boksi, nikatoa mayai kumi, nikayafuta pumba, nikayafunga kwenye kanga, nikamwomba muuza ndizi anitunzie lililobaki. Nikarudi wodini.

"Nimebahatika," nilimwambia jirani yangu. "Kuna mtu alikuwa anauza hapo nje."

Alikunjua kanga juu ya mapaja yake. Akatoa yai la kwanza, akaligeuza kulitazama, akatoa la pili. Katika haraka yangu sikukumbuka mkaa. Niliiona ile mistari miwili iliyokatana wakati uleule alipoiona yeye. Nayo ilikuwa kwenye yai la tatu pia, na la nne.

Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kufuta ile alama, yai moja baada ya jingine, taratibu, kwa namna anavyomfuta mtoto uso. Muuguzi alikuwa anakuja na kikombe cha maziwa. Alipofika, mayai yote yalikuwa meupe.

"Asante, dada," alisema jirani yangu. "Umehangaika."

Niliondoka kesho yake asubuhi, yeye akabaki na watoto wake. Mayai yaliyobaki niliyauza Masasi kwa yule mwanamke wa stendi. Ningeweza kuyaacha yote wodini, palikuwa na watoto wengine waliolala wamevimba vilevile. Niliyauza. Ada ya mwanangu ilikuwa inangoja, na nilijiambia kumi yanatosha.

Wiki iliyofuata nilikataa mayai. Nilisimama mlangoni nikawaambia wanawake, "Wapeni watoto wenu wale. Mambo ya wizi ni uongo, nilikosea kunyamaza." Nilidhani wataelewa. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wajukuu wake wanne walikuwa wateja wangu, aliniuliza, "Sasa mayai yetu yananuka?"

"Hayanuki, bibi. Kuku ni wenu, mayai kuleni wenyewe. Chemsheni."

"Kwa maji gani, mwanangu? Na asubuhi tukiwa bondeni nani awachemshie?"

Nilikuwa nimewaondolea andazi na sikuwa na ndoo ya maji ya kuwapa badala yake. Mwezi haukuisha, mwanamke mwingine upande wa msikiti akaanza kukaanga na kupokea mayai. Watoto wakahamia kwake. Mimi nikaendelea kuwauzia wenye sarafu, na msimu wa korosho uliporudi nikapata faida nzuri. Mwanangu alimaliza shule kwa maandazi yale. Sijawahi kumweleza habari ya mayai.

Binti alipona. Walirudi baada ya wiki kadhaa, uvimbe umekwisha, mtoto amekonda mpaka unaona mifupa ya mabega, lakini anacheka. Jirani yangu alibadilisha nyumba yake yote. Alianza kushuka kisimani mara mbili, alfajiri na alasiri, ili maji ya uji yalale ndani. Alitwanga karanga akazichanganya na uji wa mtama. Mumewe alipokuja na kutaka kuuza mbaazi alimkatalia, wakagombana, nilisikia sauti zao kwangu, na nusu ya mbaazi ikabaki. Alidhoofika yeye mwenyewe kwa zile safari za maji. Kwangu aliendelea kusalimia kila siku, "Shikamoo, dada," kwa adabu ileile, ila hakukaa tena kwenye mkeka wangu, na yule mtoto hakukaa tena kizingitini.

Kliniki ya kupima watoto ilikuwa inakuja kijijini mara moja kwa mwezi, wakitundika mizani kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwa napeleka maandazi pale, kwa sababu kina mama husubiri sana na hupata njaa. Mwezi mmoja mhudumu alimwomba jirani yangu awaeleze wenzake yaliyompata. Alisimama na kichanga mgongoni, mkono mmoja umeshika ncha ya kanga.

"Mimi nilikuwa mjinga," alisema. "Mwanangu alikuwa anavimba, mimi nikasema ananenepa. Mayai nikauza. Nilidhani nikimpa andazi kila siku nimemtunza. Ujinga wangu ulitaka kuniulia mtoto."

Mwanamke mmoja alipiga ulimi kwa huruma. Beseni langu lilikuwa mapajani, nimelifunika kwa kitambaa, bado la moto. Aliposema *nikasema ananenepa*, nilijua ya kwamba maneno hayo yalikuwa yangu. Aliyabeba mbele ya watu kama yake. Hakunitazama hata mara moja, na nadhani alifanya hivyo ili kunihifadhi. Nilisubiri amalize ili nisimame na kusema. Akamaliza. Mhudumu akamshukuru, wakapiga makofi, akaitwa mtoto anayefuata kwenye mizani. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Nipe mawili." Nikampa.

Baada ya mavuno yale mumewe aliamua wahamie wote bondeni, kwenye mpunga na maji. Walikuja kuaga asubuhi, baiskeli imefungwa vyombo, tenga la kuku limewekwa juu kabisa. Nilimpa sukari kilo moja na kipande cha sabuni. Alipokea kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," nilisema, "kule Ndanda..."

"Yameisha, dada," alisema.

"Nilitaka tu..."

"Watoto walikuwa wanashiba asubuhi. Ningefanya nini, na wewe ungefanya nini?" Akamwita binti yake aje aniage. Yule mtoto akaja, akanishika magoti, "Shikamoo, mama mkubwa," akakimbia kwa baba yake.

Kwa muda mrefu niliyachukua yale maneno kama msamaha. Baadaye niliona kwamba alikuwa amenizuia tu nisiseme, kwa sababu alikuwa na safari ndefu mbele na hakuwa na nguvu ya kunibembeleza pia. Deni la kusema lilibaki kwangu.

Miaka kadhaa ilipita. Nilihamia Masasi, nikafungua mgahawa mdogo. Nikaweka uji wa karanga asubuhi na mayai ya kuchemsha kwa watoto kwa bei ya chini, na watu wakanisifu kwa roho nzuri. Siku moja nilimwachia mtu mgahawa, nikashuka bondeni kumtafuta. Nilitembea kutoka mahali gari lilipoishia mpaka kijiji walichokuwa wamehamia. Nikaonyeshwa nyumba, mlango umefungwa kwa mti. Wakaniambia wamevuka Ruvuma, wamekwenda kukaa upande wa pili kwa ndugu wa mume. Kijana mmoja mwenye mtumbwi akasema si mbali, anaijua nyumba yenyewe, anaweza kunivusha sasa hivi na kunirudisha kesho.

Mto ulikuwa mpana, maji yamepungua, mchanga mweupe katikati. Nilisimama pale nimeshika viatu mkononi. Nilifikiria gari la mwisho la kupanda, na unga niliouacha umekandwa. Nikamwambia yule kijana kwamba nitakuja siku nyingine, nikageuka. Sijarudi kule mpaka leo.